Mwimbaji na Mpenzi Wake: Historia ya Urafiki wa Muziki Karatu na Ngorongoro

Katika nyanda za juu za Karatu na Ngorongoro, urafiki kati ya mwanamuziki na mtu anayempenda kwa nyimbo zake una vipindi viwili. Kipindi cha kwanza ni kirefu. Mwimbaji na msikilizaji waliishi pamoja, wakajuana kwa ukoo, kwa rika na kwa ujirani, na hakuna aliyehitaji kutafuta njia ya kumfikia mwenzake. Kipindi cha pili kilianza katika karne ya 20, santuri na redio zilipoleta sauti za watu wasioonekana. Tangu hapo mpenzi wa muziki amelazimika kufunga safari, kuandika barua, kutoa tuzo au kupiga simu ili apate kile ambacho babu yake alikipata bila kukiomba. Historia hiyo, kwa hiyo, ni historia ya umbali: ulivyoingia, na watu walivyohangaika kuupunguza.

Nyimbo zisizo na watazamaji

Mji wa Karatu uko kama kilomita 140 magharibi mwa Arusha, kati ya ukuta wa Bonde la Ufa na msitu wa Ngorongoro. Ni nadra kupata mahali pengine Afrika ambapo lugha zenye asili tofauti kiasi hiki zinasikika katika mnada mmoja. Wairaqw wanasema lugha ya Kikushi, Wamaasai na Wadatoga lugha za Kiniloti, na Wahadzabe wa kando ya Ziwa Eyasi lugha yenye vidoko ambayo haina ndugu anayejulikana. Wabantu nao wamo, wengi wao wakiwa wamefuata mashamba na biashara. Wadatoga ndio waliokuwa na kreta ya Ngorongoro kabla ya Wamaasai kuwaondoa katika karne ya 19. Wairaqw walitoka Mama Isara, kwenye milima ya Mbulu, wakaenea hadi Karatu katika nusu ya kwanza ya karne ya 20.

Pamoja na tofauti zao, jamii hizo zilikuwa na jambo moja linalofanana katika muziki: hapakuwa na mtu wa kutazama tu. Kwa Wamaasai, wimbo huongozwa na olaranyani. Yeye hutoa mstari wa kwanza, wenzake humwitikia kwa sauti nzito zinazotoka kifuani na kooni, na juu ya mwitikio huo ndipo huunga maneno yake. Ngoma haipigwi. Pembe ya tandala husikika katika sherehe kubwa, kama vile eunoto, ambapo morani hupanda daraja kuelekea utu uzima. Olaranyani asiyeitikiwa hana wimbo, na wanaomwitikia ni watu wa rika lake, waliotahiriwa pamoja naye na wanaochunga na kula pamoja naye. Anayependa sauti yake humkuta malishoni asubuhi ya pili.

Kwa Wahadzabe, ngoma iliyo nzito kuliko zote ni epeme, ambayo huchezwa usiku usio na mwezi, moto ukiwa umezimwa. Mwanamume mmoja baada ya mwingine hutoka gizani akiwa na njuga mguuni na kayamba mkononi, akikanyaga ardhi kwa kishindo, na wanawake huimba wakimjibu. Uso wa mchezaji hauonekani. Hata hivyo kila aliyepo anamfahamu, kwa sababu kambi ya Wahadzabe ina watu wachache na epeme huchezwa kwa ajili ya jamaa.

Wairaqw wana slufay, sala ndefu ya kishairi inayotamkwa na mzee katika mkutano au mahali penye pombe ya baraka. Mzee huomba mvua, uzazi, mifugo na amani, na waliokaa naye huitikia kila kipande. W. D. Kamera wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ni miongoni mwa wasomi walioandika juu ya slufay na juu ya ngano za Wairaqw. Msemaji hodari wa slufay alisifika kijiji hadi kijiji, lakini sifa hiyo ilikuwa na mipaka: ilifika pale alipoweza kufika kwa miguu. Jina lake halikutangulia mbali kuliko yeye mwenyewe, kwa hiyo hakuwa na mpenzi wa mbali wa kumtafuta.

Santuri na mazungumzo ya kwanza yaliyoandikwa

Mabadiliko yalikuja na mashamba na mshahara. Katika miaka ya 1920 na 1930 walowezi, wengi wao Wajerumani, walifungua mashamba ya kahawa Oldeani na Karatu. Vita Kuu ya Pili ilipoanza mwaka 1939, Wajerumani waliwekwa kizuizini na mashamba yao yakachukuliwa na serikali ya Waingereza kama mali ya adui. Vibarua waliendelea kuja, kutoka Mbulu, Singida na Iramba. Kando ya Eyasi, kilimo cha vitunguu cha Mang'ola kilivuta wafanyabiashara na wakulima wa makabila mengi. Kambi za vibarua na masoko ya namna hiyo zilihitaji lugha moja na burudani moja. Kiswahili kilikuwa lugha hiyo, na nyimbo za Kiswahili zikaja nyuma yake.

Wakati huo Afrika Mashariki ilikwisha kupata nyota wake wa kwanza wa santuri. Siti binti Saad alizaliwa Fumba, Unguja, karibu na mwaka 1880, katika familia ya wafinyanzi, akauza vyungu kabla ya kujulikana kwa uimbaji wa taarabu. Mwaka 1928 alikwenda Bombay pamoja na wenzake kurekodi kwa ajili ya lebo ya His Master's Voice. Santuri zake zilisambaa katika pwani na bara, zikasikilizwa na watu ambao hawakupata kukanyaga Unguja. Hapo ndipo alipozaliwa mpenzi wa aina mpya: anayeijua sauti vizuri kuliko sura, na mwenye maswali ambayo santuri haiwezi kuyajibu.

Mmoja wa wapenzi hao alikuwa Shaaban Robert. Mshairi huyo, aliyezaliwa Tanga mwaka 1909, alikuwa karani wa serikali ya kikoloni, na katika kazi yake alipata kukaa Longido, kaskazini mwa Arusha, katika nchi ya Wamaasai. Muda mfupi kabla ya Siti kufariki Julai 1950, Shaaban Robert alionana naye na kumhoji juu ya maisha yake. Matunda ya mazungumzo hayo ni *Wasifu wa Siti Binti Saad*, uliochapwa mwaka 1958 katika jarida la Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki na baadaye kama kitabu, ambacho vizazi vya wanafunzi vilikisoma shuleni.

Kazi hiyo ilionyesha kwamba mwimbaji wa kike, mtoto wa mfinyanzi, aliyekejeliwa na mahasimu wake kwa sura na asili yake, anastahili wasifu kama watawala na mashujaa wanavyostahili. Ilionyesha vilevile kwamba mpenzi anaweza kumlipa msanii kwa kitu kingine zaidi ya fedha na makofi. Siti alitoa sauti. Shaaban Robert aliyaweka maisha ya Siti mahali ambapo kifo hakikuyafuta. Katika fasihi ya Kiswahili hakuna mfano ulio bora zaidi wa mpenzi aliyekaa na mwanamuziki, akauliza na kusikiliza.

Bendi zilizomilikiwa na wapenzi wake

Muziki wa dansi ulikuwa na njia nyingine ya kuwaleta pamoja mwanamuziki na mpenzi wake: klabu. Dar es Salaam Jazz Band ilianza mwaka 1932, Morogoro Jazz na Western Jazz mwaka 1944, Kilwa Jazz mwaka 1958. Nyingi za bendi za wakati huo zilikuwa vyama vya wanachama. Western Jazz ilianzishwa na watu waliotoka Jimbo la Magharibi, na Kilwa Jazz ilikuwa na watu wa Kilwa. Wanachama walichanga fedha, wakanunua magitaa, saksafoni na ngoma, na vyombo vikabaki mali ya chama. Mpiga gitaa akihama aliondoka mikono mitupu. Mpenzi wa bendi, kwa maana hiyo, alikuwa mwenye bendi, na mwanamuziki alikuwa mwanachama mwenzake mwenye kipaji.

Wengi wa wanamuziki hao walianza wakiwa wapenzi wa santuri. Salum Abdallah wa Morogoro alivutwa na muziki wa Cuba uliofika kwa santuri, na bendi yake ikaitwa Cuban Marimba. Aliiongoza hadi alipofariki kwa ajali ya gari mwaka 1965. Hakuwafikia wanamuziki wa Havana waliomfundisha bila wao kujua, lakini alizifanya nyimbo zao kuwa za Kiswahili.

Baada ya uhuru, umiliki ulianza kuhama kutoka kwa wanachama kwenda kwenye mashirika. NUTA Jazz iliundwa mwaka 1964 chini ya jumuiya ya wafanyakazi, na kiwanda cha nguo cha Urafiki kikapata bendi yake mwaka 1970. Jeshi na polisi nao wakawa na bendi zao. Mwanamuziki akawa mwajiriwa mwenye mshahara, na mpenzi akabaki mlangoni na kiingilio chake. Bendi zilijibu hali hiyo kwa mitindo: Saboso wa Western Jazz, Msondo wa NUTA, na baadaye Sikinde wa Mlimani Park, bendi iliyoanza mwaka 1978. Mtu alijitambulisha kwa mtindo anaoupenda kama anavyojitambulisha kwa Simba au Yanga, na ushindani wa Msondo na Sikinde ukafanana na ule wa mpira.

Ukumbini, njia ya kumfikia mwanamuziki ilikuwa tuzo. Mpenzi alipanda jukwaani wimbo ukiendelea, akabandika noti kwenye paji la uso la mwimbaji au mpiga solo, akashuka akicheza. Mwimbaji alishukuru kwa kumtaja jina katikati ya wimbo. Bendi ilipopumzika, meza ya aliyetunza ilikuwa na nafasi ya mgeni. Urafiki mwingi wa miaka ulianza kwa noti moja na chupa moja ya bia.

Arusha Jazz na mpaka

Kwa mtu wa Karatu, mji wa karibu wenye kumbi za dansi ulikuwa Arusha, na barabara yake ilibaki ya vumbi kutoka Makuyuni hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mwaka 1970 Arusha ilipata bendi ambayo baadaye ingekuwa maarufu kuliko zote zilizopita hapo. Wilson na George Kinyonga, ndugu wawili wa Tanga waliokuwa wamepiga katika Jamhuri Jazz, walihamia Arusha na kuunda Arusha Jazz pamoja na ndugu yao William. Hawakudumu. Mwaka 1971 walivuka kwenda Kenya, ambako kulikuwa na studio, kampuni za santuri na malipo yaliyokosekana nyumbani, na huko wakawa Simba Wanyika.

Magitaa yao matatu yaliyofungamana yakawa sauti ya Nairobi ya miaka ya 1970, na mwaka 1978 baadhi ya wanamuziki wao walijitenga na kuunda Les Wanyika. Wapenzi wao wa Tanzania ya kaskazini walibaki na santuri na redio. Umbali uliongezeka Februari 1977, Tanzania ilipofunga mpaka wake na Kenya, na haukufunguliwa hadi mwaka 1983. Kwa miaka sita mtu wa Arusha au Karatu aliweza kuisikia Nairobi usiku kwenye redio, lakini hakuweza kupanda basi na kwenda kuwaona watoto wa Tanga wakipiga. George Kinyonga alifariki mwaka 1992 na Wilson mwaka 1995, na bendi ikafa pamoja nao.

Redio na kadi za salamu

Chombo kilichoifikia nchi yote kilikuwa redio. Sauti ya Dar es Salaam ilianza kutangaza mwaka 1951, ikawa Shirika la Utangazaji la Tanganyika mwaka 1956, na Radio Tanzania Dar es Salaam mwaka 1965. Redio ndogo za betri zilipopatikana madukani, mchungaji wa Ngorongoro aliweza kuibeba moja begani pamoja na fimbo yake. Radio Tanzania ilirekodi bendi katika studio zake na kuzipiga kila siku. Mara nyingi ilikuwa njia pekee ambayo wimbo mpya wa Dar es Salaam au Morogoro ulitumia kufika milimani.

Redio haikumsikia msikilizaji, ila ilipokea barua yake. Kutokana na hilo kukazaliwa utamaduni wa kadi za salamu. Mtu alinunua kadi, akaandika majina ya ndugu na marafiki, akataja wimbo anaoutaka, akaituma kwa posta. Baada ya majuma kadhaa mtangazaji aliisoma, na jina la mtu wa kijijini likasikika nchi nzima kando ya jina la nyota wa dansi kama Mbaraka Mwinshehe au Marijani Rajabu. Watuma salamu wa kudumu walijipa majina ya sifa, wakaunda vyama, wakajuana kwa sauti ya mtangazaji kabla hawajaonana kwa macho. Urafiki uliokosekana kati ya mpenzi na mwanamuziki ukaota kati ya mpenzi na mpenzi.

Habari mbaya zilipita njia hiyo hiyo. Mbaraka Mwinshehe, aliyepeleka Morogoro Jazz kwenye maonyesho ya Osaka, Japani, mwaka 1970 na kuanzisha Super Volcano miaka mitatu baadaye, alikufa kwa ajali ya gari nchini Kenya Januari 1979. Watu walioomboleza walikuwa wengi kuliko waliowahi kumwona.

Wamaasai kwenye hip hop

Sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 iliruhusu vituo binafsi, na Radio One ilikuwa hewani mwaka 1994. Vijana wa Arusha walikuwa wameshaanza kuimba hip hop. Mwaka 1996 kundi la X Plastaz liliundwa mjini humo. Waanzilishi wake ni pamoja na Faza Nelly, Gsann na Ziggy, na baadaye akaingia Yamat Ole Meipuko, ajulikanaye kama Merege, mwimbaji wa Kimaasai aliyekuja na uimbaji wa olaranyani, shuka na mruko wa morani. Sauti ya aina ile inayosikika kwenye maboma ya Ngorongoro iliwekwa juu ya mdundo wa hip hop na kurekodiwa kwa soko la nje.

Kundi hilo lina mfano wa wazi kabisa, katika kanda ya kaskazini, wa mpenzi aliyegeuka rafiki wa kazi. Mholanzi Thomas Gesthuizen alikuwa mpenzi na mtafiti wa hip hop ya Afrika, ambaye tangu mwaka 1997 alikuwa akiendesha tovuti juu ya muziki huo. Alifahamiana na X Plastaz, mazungumzo yakawa urafiki, na urafiki ukawa kazi: akawa meneja wao na kuwasaidia kufika kwenye majukwaa ya Ulaya. Albamu yao *Maasai Hip Hop* ilitolewa mwaka 2004 na lebo ya Out Here ya Ujerumani. Faza Nelly aliuawa mwaka 2006. Gsann aliendelea, na mwaka 2009 alionekana kwenye tuzo za hip hop za BET nchini Marekani.

Katika miaka hiyo hiyo, Abel Motika, maarufu kwa jina la Mr Ebbo, alivuma Tanzania nzima kwa wimbo wake *Mi Mmasai*, akiitumia lafudhi ya Kimaasai kwa utani na kwa fahari, hadi alipofariki mwaka 2011. Mmaasai, aliyezoea kuwa picha kwenye kadi za watalii, akawa msanii mwenye mashabiki.

Wageni wa boma na simu ya mkononi

Eneo la Hifadhi la Ngorongoro, lililoanzishwa mwaka 1959 ili wafugaji na wanyamapori waishi pamoja, linatembelewa na mamia ya maelfu ya wageni kwa mwaka. Katika maboma ya utamaduni wageni hulipa, hukaribishwa kwa wimbo, huruka kidogo na morani, hupiga picha na kuondoka. Wimbo ni ule ule na olaranyani ni yule yule. Kinachokosekana ni mwitikio: mgeni hajui pa kuingilia, na muda wake hautoshi kujifunza. Mapato yanasaidia kaya, lakini mkutano wa namna hiyo haujengi urafiki.

Simu ya mkononi imefanya kinyume. Waimbaji wa injili na wa nyimbo za asili wanaoimba kwa Kimaasai na Kiiraqw hurekodi katika studio ndogo za mijini, picha zao huzunguka kwenye simu, na namba ya mwimbaji mara nyingi imeandikwa mwishoni mwa video. Mpenzi hupiga na mwimbaji hupokea mwenyewe. Tuzo hutumwa kwa simu bila noti kubandikwa usoni. Redio za jamii, kama Loliondo FM wilayani Ngorongoro, huwapa waimbaji wa karibu nafasi ya kuhojiwa mbele ya watu wanaowafahamu. Huko Karatu, tamasha la kila mwaka la michezo na utamaduni huweka ngoma na kwaya katika mashindano pamoja na mbio, na wapenzi hukutana na waimbaji uwanjani kabla vumbi halijatulia.

Njia ya kumfikia mwanamuziki, basi, imekuwa fupi tena, lakini kilichobaki kwa maandishi ni kidogo. Vyama vya bendi vilivunjika na kadi za salamu zikatupwa. Mazungumzo ya ukumbini yalikwisha na usiku wake. Katika visa vyote vilivyoelezwa hapa, maisha ya mwanamuziki yamehifadhiwa vizuri pale tu ambapo mpenzi wake aliuliza maswali na kuandika majibu, kama Shaaban Robert alivyofanya kwa Siti. Waongozaji wazee wa slufay na wa nyimbo za morani wa Karatu na Ngorongoro bado wanawasubiri wapenzi wa namna hiyo.